Debe la mahindi haliombwi Januari

Bumu likichelewa wiki moja, chuo kizima kinajua. Magrupu ya WhatsApp yanachafuka, mama ntilie wa getini anafungua daftari jipya la madeni, na serikali ya wanafunzi inaandika barua kwenda Bodi ya Mikopo kabla jua halijazama. Sisemi tunakosea. Na mimi nimo kwenye hayo magrupu, na huwa sikai kimya. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 tunakopeshwa Sh 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, kutoka 8,500 ya zamani, na kila mtu hapa anajua hiyo elfu kumi inavyoyeyuka: chai na chapati, ugali maharage, nauli, kodi ya geto.

Sasa hebu chukua hiyo elfu kumi ya leo uende nayo shule ya msingi. Ruzuku ya uendeshaji ambayo Serikali imepanga kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi ni hiyo hiyo Sh 10,000, ila ya mwaka mzima. Humo ndani kuna vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Sahani ya makande haimo. Najua bumu ni mkopo na tutakatwa mishahara mpaka tuzeeke, na najua mtu mzima anayeishi mjini si sawa na mtoto anayelala kwao. Hata hivyo, Serikali ina chombo kizima chenye sheria, ofisi na mfumo wa kompyuta kinachohakikisha mimi wa miaka 22 nakula nikiwa nasoma. Mtoto wa miaka 9 hana chombo kama hicho. Yeye ana kamati ya shule na debe la mama yake.

Natokea Sekenke, tarafa ya Shelui, wilaya ya Iramba. Wengi wenu mmepita kwetu mkiwa mmelala kwenye basi la Mwanza au Kahama: ni pale barabara inapoteremka ule mlima wa kona kutoka Singida kuelekea Nzega, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yakishuka polepole kwa gia nzito, na chini unaona bonde la Wembere limetandaa hadi macho yanachoka. Ni sehemu yenye jina kubwa kuliko ukubwa wake. Wajerumani walichimba dhahabu hapo kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na mwaka 1916, vita ilipowabana, dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopelekwa Tabora kutengenezewa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya wanazigombania mnadani. Sisi tumebaki na mashimo, wachimbaji wadogo, alizeti, mtama, na mvua ya msimu mmoja.

Huo msimu mmoja ndio kiini cha habari hii. Kwetu mvua inaanza Novemba mwishoni au Desemba, inakatika Aprili. Tunavuna kuanzia Mei hadi Julai. Kwa hiyo mwezi Juni nyumba nyingi zina gunia mlangoni, na mwezi Januari na Februari ghala linafagiliwa. Ukikopa debe moja kwa mfanyabiashara Januari, unalipa madebe mawili wakati wa mavuno, na hakuna anayeshangaa, ndiyo bei ya njaa. Sasa shule zinafunguliwa lini? Januari. Kikao cha wazazi cha kukubaliana mchango wa chakula mara nyingi huwa lini? Januari hiyo hiyo, au Februari. Yaani tunamwendea mtu mwezi ambao yeye mwenyewe anatafuta debe la kukopa, tunamwambia alete debe shuleni.

Niliiona vizuri nilipokuwa BTP kwenye shule moja ya kutwa ya wilayani kwetu. Jina nitalihifadhi, kwa sababu walimu wake walinipokea vizuri na tatizo si lao peke yao. Makande yalikuwa yanapikwa, ndiyo. Saa ya mapumziko mpishi anapiga sufuria kwa mwiko, foleni inapangwa, na mwalimu wa zamu anasimama na daftari. Waliotoa mchango wanaingia kwenye foleni. Ambao hawajatoa wanakwenda nyuma ya madarasa. Hakuna aliyewafukuza wala kuwatukana. Wamezoea tu, wanajua upande wao. Nikawa nafundisha kipindi cha baada ya hapo, na baada ya wiki mbili nikawa siangalii hata daftari: nilijua nani amekula kwa kuangalia nani ameinua kichwa. Binti mmoja wa dawati la mbele alikuwa mkali wa Historia asubuhi kuliko mtu yeyote darasani. Mchana ukimuuliza jina la kijiji chake anafikiri kwanza.

Kwa hiyo mtu akiniambia "shule kadhaa wilayani zinatoa chakula", huwa namuuliza zinampa nani. Shule ile kwenye taarifa inahesabika kuwa inatoa chakula. Na kweli inatoa.

Hapa niwe mkweli kwa Serikali, maana siyo kwamba imelala. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, na ni katika taasisi za umma zenye wataalamu wanaoijua nchi hii hadi jikoni. Wizara ya Elimu imetoa mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, na ukiusoma ni mzuri kweli: unazungumzia makundi ya vyakula, usafi, bustani za shule, kamati, kila kitu. Septemba 30, 2022 wakuu wa mikoa walisaini mbele ya Rais Samia pale Dodoma mkataba wa lishe wa miaka minane, na chakula shuleni ni sehemu ya mambo ambayo mkuu wa mkoa anaulizwa. Kabla ya hapo nakumbuka hakuna kiongozi aliyekuwa anakuja shuleni kuuliza sufuria iko wapi. Sasa wanakuja. Hilo ni badiliko, nalikubali.

Ila mwongozo hauliwi, jamani. Chakula chenyewe, kile cha kutia sufuriani, kimeachwa kwa mzazi. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, ule wa elimu bila malipo, uliwaondolea wazazi ada na michango ya lazima, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa ukakiacha kwa mzazi. Wa bweni Serikali inamlisha. Halafu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, na ingawa baadaye ilifafanuliwa kwamba mchango wa hiari si kosa mradi walimu wasiushike wao, walimu wakuu wengi waliogopa hata kutamka neno debe. Siwalaumu. Mwaka mmoja unaambiwa ukichangisha unatumbuliwa, mwaka mwingine unaambiwa shule yako kwanini haina chakula.

Wazee wa Singida na Dodoma wanakumbuka pia kipindi cha WFP, miaka ya 2000 na kuendelea, ambapo mahindi, maharage na mafuta yalikuwa yanashushwa na lori kwenye shule za wilaya zenye ukame. Watu walikuwa wanayaita mahindi ya Mmarekani hata kama gunia limeandikwa jina la nchi nyingine. Mradi ulipoisha, sufuria nyingi ziliingia stoo. Huo ndio ugonjwa wa kutegemea lori la mtu, na sitaki turudi huko. Lakini tulichokiweka badala yake kina ugonjwa wake: kinamtegemea mama wa Sekenke mwezi Februari.

Tufanye hesabu kidogo, ya kidato cha pili tu. Mwaka wa shule una siku 194. Mpe mtoto gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage au kunde kwa siku. Kwa mwaka ni kama kilo 19 na nusu za mahindi, yaani debe moja, na kilo sita za maharage. Si mlima. Hakuna nyumba ya mkulima Iramba ambayo mwezi Juni wa mwaka wa kawaida haiwezi kutoa debe kwa ajili ya mtoto. Sasa kata hesabu hiyo ubaki na miezi mibaya peke yake, kuanzia Januari hadi mavuno, tuseme siku 80 za masomo. Mtoto mmoja anahitaji kilo nane za mahindi. Shule ya watoto 400 inahitaji tani tatu na kilo 200, magunia 32. Lori dogo linayabeba kwa safari moja na bado lina nafasi ya abiria wa kudandia.

Na magunia 32 Serikali inayo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao ulianza kazi mwaka 2008, kazi yake ni kununua nafaka wakati wa mavuno, kuihifadhi, na kuitoa pakiwa na upungufu. Ina maghala Dodoma na Shinyanga, na sisi tuko katikati, juu ya lami. Bei ya mahindi ilipopaa msimu wa 2022/23, NFRA ilipeleka mahindi ya bei nafuu kwenye halmashauri zenye shida. Mwaka 2024 ilikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000. Laki sita na nusu! Nchi jirani imepata ukame, tumewauzia, vizuri. Mimi naulizia tani tatu.

Na siulizii bure. Hoja yangu ni hii, na ninaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kusema "huyu naye anataka Serikali ifanye kila kitu". NFRA ikopeshe shule nafaka mwezi Januari, kijiji kilipe nafaka mwezi Juni na Julai. Kilo kwa kilo, na juu yake kidogo ya usafiri. Watu wetu mkopo wa debe wanaujua kuliko sisi tunavyoujua wa Bodi. Wanakopa kila mwaka, tofauti ni kwamba wanalipa mara mbili. Nyumba yenye watoto watatu shuleni ingedaiwa kilo 24 wakati wa mavuno, debe na kidogo. Hapo mchango unaombwa mwezi ambao mtu anacho, na mtoto anakula mwezi ambao nyumbani hakuna. Daftari la mwalimu wa zamu linakuwa halina kazi, kwa sababu deni ni la kijiji na siyo la mtoto aliyesimama kwenye foleni.

Wasiolipa je? Watakuwepo. Nimeishi kijijini, sina ndoto. Lakini kijiji kina mwenyekiti, kina mtendaji, kina mkutano mkuu, na kwenye mkutano huo watu hawaoni haya kutajana. Nyumba ambazo kweli haziwezi nazo zinajulikana: TASAF imekwisha kuziorodhesha, kijiji hadi kijiji, kwa hiyo hakuna haja ya kuunda tume. Za hizo halmashauri ilipe kutoka mapato yake ya ndani. Na mwaka ambao mvua imegoma kabisa, deni lisogezwe mwaka unaofuata au lifutwe, maana mwaka huo hata bila mpango huu Serikali ingeleta chakula cha msaada. Tofauti ni kwamba kingepitia jikoni ambako mtoto anaonekana anakula.

Kuna sababu nyingine ya kumtaka NFRA, na hii wengi hawaifikirii. Mahindi ya mchango yanakuja debe moja moja kutoka nyumba 200 tofauti. Mmoja amekausha vizuri, mwingine amevuna mabichi kwa kuogopa mifugo, mwingine ameweka chini sakafuni. Yanamwagwa pamoja. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, majirani zetu kabisa, kwa mahindi ya nyumbani ambayo kwa macho yalionekana mahindi. Mpishi wa shule hana kipimo. Mwalimu mkuu hana kipimo. Stoo ya shule mara nyingi ni chumba kimoja kile kile chenye majembe, vitabu vya zamani na mipira iliyopasuka, na dumuzi wanajihudumia. (Dumuzi, kwa taarifa yenu mliokulia mjini, ni yule mdudu anayegeuza gunia kuwa unga. Barani Afrika alianza kuonekana Tabora, wazee wakambatiza Scania.) Wakala unaopima unyevu, unaofukiza na unaopanga magunia juu ya vichaga ungeweza kupokea mahindi ya Juni, ukayatunza, ukarudisha yaliyo salama Januari. Mzazi hawezi kuifanya kazi hiyo hata akichangia debe kumi.

Maharage na mafuta hayo ni mengine. Hapo sitaki lori kutoka ghala lolote, nataka hela. Singida ni mkoa wa alizeti, na ni aibu kidogo kwamba shule iliyozungukwa na alizeti inapika makande makavu. Brazil, kwa mfano, ina mfuko wa Serikali kuu unaopeleka fedha za chakula cha shule moja kwa moja kwenye majimbo na manispaa, na sheria yao ya 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha hizo zinunue mazao ya wakulima wadogo. Halafu lazima kuwe na mtaalamu wa lishe anayesimamia orodha ya vyakula. Sisi wataalamu tunao kule Taasisi ya Chakula na Lishe, na kila halmashauri ina afisa lishe. Kinachokosekana ni hela ya kwenda nayo kwa mkamuaji wa Shelui au kwa akina mama wanaolima kunde. Mkisema Brazil ni tajiri, haya, nendeni Nairobi. Tangu 2023 kaunti inaendesha Dishi na County, mtoto wa shule ya umma anakula mchana kwa shilingi tano ya Kenya, nyingine anajazia kaunti na washirika wake. Mzazi anachangia, tena kila siku, lakini kiasi ambacho hakimtoi mtoto kwenye foleni.

Nimeambiwa na rafiki yangu wa uchumi kwamba NFRA ni wakala wa biashara na dharura, haukuundwa kwa ajili ya makande ya shule. Ni kweli. Bodi ya Mikopo nayo haikuwepo hadi ilipotungiwa sheria mwaka 2004, kwa sababu kuna watu waliona wanafunzi wa vyuo hawawezi kuachwa hivi hivi. Majukumu ya wakala wa Serikali yanaandikwa na watu na yanabadilishwa na watu. Tena hapa si lazima kubadilisha mengi, aanze na wilaya moja. Iramba ingefaa: ina ukame wa kutosha kuona kama mpango unabeba, na ina lami ya kutosha lori lisikwame.

Jambo la mpishi nalo sitalipita. Kwenye shule niliyokuwapo walikuwa akina mama wawili, wanafika alfajiri na kuni, wanalipwa kutokana na mchango huo huo wa wazazi. Mchango ukikauka Machi, wao wanapika mpaka nafaka iishe, halafu wanarudi shambani bila hata kuagwa. Mwongozo wowote usiosema mpishi analipwa na nani unaishia mlangoni mwa jiko.

Sasa sisi wa ualimu tunakwenda BTP tena mwezi wa saba, mamia ya watu, kila mkoa. Hakuna afisa wa wizara anayeweza kukaa shuleni wiki nane kama tutakavyokaa sisi. Naiomba wizara ya elimu ya serikali yetu ya wanafunzi itutengenezee fomu fupi, na majibu yapelekwe Taasisi ya Chakula na Lishe na TAMISEMI kabla bajeti za mwakani hazijaanza kusomwa Dodoma. Kama fomu itachelewa, andalio la somo lina sehemu ya maoni kule mwisho, ambayo wengi wetu tunaijaza "somo limeeleweka" hata darasa likiwa limelala. Ulizeni walimu, ulizeni mpishi, muandike hapo: mwaka huu chakula kilianza tarehe ngapi, kilikatika tarehe ngapi, na wangapi walikuwa nyuma ya madarasa.